Swali la Nne

Mlevi mmoja wa Ilazo alikosea nyumba jioni moja, akaupiga mlango wa watu teke la kwanza na la pili, kisha akaanza kuutukana kwa kuwa umekataa kumtambua. Ndani, mama mwenye nyumba na binti zake walijibanza jikoni wakitetemeka. Juu ya mlango taa ya mlindakaya ikawaka njano. Mashine yenyewe haikuzidi ukubwa wa sufuria ya wali wa familia, imebandikwa ukutani kama saa, lakini ndani ya nukta chache ilikuwa imeshaisoma pumzi ya yule bwana, imepima uzito wa mateke yake, na imegundua kwamba mkononi hana hata kijiti. Ikasema kwa sauti ya mpwa anayeongea na mjomba wake: "Mzee wangu, kwako ni ile nyumba ya pili, mkono wa kulia. Mama watoto bado yuko macho. Nenda taratibu." Mlevi akaushukuru ukuta, akaomba radhi kwa mlango, akaenda zake.

Dodoma nzima ilicheka. Wiki hiyohiyo, upande wa Kizota, mtu mwingine aliingia kwenye nyumba yenye mlindakaya akiwa na shoka, akamkata baba mwenye nyumba mkono, akawa anaelekea chumba cha watoto. Huyo, mashine haikumpa maelekezo ya njia. Ilimpiga mshale-radi, cheche nyembamba ya umeme inayosimamisha moyo, naye akaanguka palepale. Kwa huyo hakucheka mtu, lakini pia hakulia mtu. Watu walisema kumbe kuna chombo chenye akili za kujua nani wa kuuawa na nani wa kuelekezwa nyumbani kwake.

Akili hizo zilitoka kichwani mwa Mhandisi Nyamizi Kasoga, mwanamke wa makamo, mfupi, asiyependa maneno mengi. Sheria mpya ya kujihami iliruhusu mashine kuua ndani ya nyumba ya mtu, lakini ilidai kwanza ijiulize maswali matatu. Je, mtu huyu ameingia bila ruhusa? Je, ana uwezo wa kuua? Je, hakuna njia nyingine ya kumzuia? Nyamizi aliyaona hayo matatu hayatoshi, akaongeza la nne kwa ubishi wake mwenyewe: je, kuna mtu humu ndani anayemwogopa kweli? Akatengeneza na kipimahofu, jicho dogo linaloweza kusoma mapigo ya moyo, jasho na pumzi za kila aliyemo ndani, kupitia ukuta.

Alikuwa na sababu yake. Alipokuwa msichana mdogo kwao Tabora, majirani walimkamata kijana aliyeiba, wakamfunga kwenye nguzo, na mtu mmoja akaenda kuleta tairi. Kijana alikuwa ameshafungwa. Hakuwa na la kumfanya mtu. Kilichomkaa Nyamizi rohoni miaka yote si ule moto, ni nyuso za wale watu. Walikuwa wanacheka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiogopa, na bado waliua, kisha wakarudi makwao kula. Akajiapiza kwamba kama ipo siku binadamu ataruhusiwa kumuua mwenzake ili ailinde nyumba yake, basi ruhusa hiyo iwe ya mwenye hofu peke yake. Mwenye hasira asipewe, wala mwenye kutaka sifa. "Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo," alipenda kuwaambia wakubwa wa kampuni yake. "Moyo unaoogopa haudanganyi." Wakubwa walilipenda neno hilo, wakaliandika kwenye matangazo.

Kisha baba yake akafa.

Mzee Kasoga alikuwa amestaafu ufundi wa treni za sumaku, anaishi kwa bintiye huko Ilazo pamoja na mjukuu wake Masele, mtoto wa miaka tisa. Baba wa Masele alishaachana na Nyamizi zamani, kwa hiyo mwanamume wa nyumba alikuwa babu, na mwenzake babu alikuwa Kondo Chaurembo. Hawa wawili walifanya kazi karakana moja tangu ujana. Kasoga Mnyamwezi, Kondo Mzaramo, yaani watani kabisa, na utani wao haukuwa wa kupokezana vicheko viwili vitatu kwenye harusi. Walitukanana kila siku ya Mungu. Kondo akiumwa, Kasoga alimpelekea sanda badala ya matunda. Kasoga akinunua shati, Kondo alikuja kulidai kwa madai kwamba mtumwa hanunui nguo bila bwana wake kujua. Mgeni akiwasikia angeita polisi.

Sasa, mtani msibani ana haki zake, na kila aliyekulia kwenye misiba yetu anazijua. Wenye msiba wanalia, yeye anachekesha. Anavaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake. Ananyakua vitu na kutishia watu mpaka apewe chochote, hata shilingi ya mwisho au kuku, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ndiyo dawa ya msiba. Kondo alikuwa Kisarawe wakati wa maziko, miguu inamsumbua, na akayakosa. Kwa mtani hilo ni deni, na aliapa kwa simu kwamba siku ya kuanua tanga atalilipa kwa fujo ambayo Ilazo haijawahi kuiona.

Nyamizi alijua anakuja. Asubuhi ile aliiweka mashine katika hali ya ugeni ili watu waingie na kutoka mlangoni bila kuulizwa. Wanawake walijaa sebuleni na jikoni. Yeye mwenyewe alishaficha bakuli la unga nyuma ya mlango amwagie Kondo usoni, kama mtani wa kike anavyotakiwa kumjibu mwenzake. Kwa mara ya kwanza tangu baba afe, alikuwa anangojea jambo kwa hamu.

Kondo hakupita mlangoni. Mtani gani anapita mlangoni? Aliingia kwa dirisha la jikoni, mzee wa miaka zaidi ya sabini, amevaa koti la marehemu alilolitoa kwenye kamba huko uani, na mkononi ana panga alilolinyakua kwa wapishi waliokuwa wakichanja kuni. "Nani amewapa ruhusa ya kumzika mtumwa wangu?" alinguruma. "Nimemkuta njiani analia, anasema mmemzika bila kunitaarifu. Leo hapa hatoki mtu."

Jiko zima likapasuka kwa kicheko. Shangazi mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Ukutani taa ikageuka njano, na Nyamizi akaiona.

Hapo ndipo pa kuangalia vizuri, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilipokuwa mikononi mwake. Kulikuwa na neno la kuizima mashine. Mwenye nyumba akisema "Pumzika," mlindakaya unalala mpaka uamshwe. Neno moja tu, na alikuwa na nafasi ya kulisema mara kumi. Hakulisema. Alitazama ile taa na akafurahi, Mungu amsamehe. Mtu ameingia bila ruhusa, kwa dirisha, ana panga, anatishia kuua, na mashine imetulia kwa sababu kipimahofu kimesoma mioyo ya watu wote wa jikoni na kukuta hakuna anayeogopa. Alijiambia kwamba swali la nne linafanya kazi. Alitaka kuona litafika wapi. Alichota unga wake, akamfuata Kondo kwenye ujia huku akicheka.

Kondo alikuwa ameshaingia chumba cha marehemu. "Nianze na kitanda," alisikika akisema. "Ala, na mjukuu wa mtumwa naye yumo. Wewe nakukata masikio yote mawili nikapikie supu." Panga likanyanyuka. Masele, aliyekuwa amejitenga humo siku nzima bila kutaka kuongea na mtu, akapiga ukelele.

Nyamizi alifika mlangoni akaona mgongo wa koti la baba yake. Ulikuwa umemziba mtoto wote. Cheche ikatoka ukutani nyuma ya Nyamizi, ikapita juu ya bega lake, nyeupe, bila kishindo, na Kondo akaanguka kifudifudi kitandani. Unga ulimwagika sakafuni. Jikoni walikuwa bado wanacheka.

*

Taarifa ya mashine ilikuwa fupi. Mvamizi mwanamume, ameingia kwa dirisha, ana silaha, yuko umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwanakaya. Hofu: ipo, kiwango cha juu. Majibu manne ni ndiyo. Mauaji halali.

Jina la aliyeogopa halikuandikwa. Hiyo nayo ilikuwa kanuni ya Nyamizi mwenyewe, kwamba asijulikane, ili mtu asije kuishi na mzigo wa kwamba moyo wake ndio ulioua. Ila yeye alikuwa na funguo za mashine. Alifungua akaona. Mioyo yote ya nyumba ilikuwa ikicheka, wake mwenyewe ukiwemo. Moyo mmoja tu ulikuwa umepanda juu kama wa mtu anayekimbizwa, nao ulikuwa wa mwanawe.

Aliifunga ile taarifa, akaenda kumtazama mtoto alivyolala. Aliporudi alikuwa ameshaamua. Masele asijue maisha yake yote. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuambiwa kwamba Babu Kondo alikuja kuwafariji, na kwamba hofu yake yeye ndiyo iliyomuua. Kampuni ilimleta mtaalamu wa ushauri, mama mpole mwenye sauti ya kubembeleza, akawa anakaa na Masele kila alasiri. Nyamizi akamwambia mtoto kwamba mambo mengine yote ataongea na huyo mama, na kwamba wao wawili nyumbani watayaacha kwanza. Masele akaitika. Alikuwa mtoto msikivu.

Mkurugenzi wa kampuni, Bwana Mtweve, alikuja na rambirambi na mfuko wa sukari. Baada ya chai alisema lililomleta. "Baraza litatusikiliza kabla ya kuruhusu mlindakaya nchi nzima. Hakuna anayekulaumu, mhandisi. Majibu yako manne yamekamilika. Wewe waambie ulichokiona tu."

"Niliona mtani wa baba yangu."

"Uliona mtu na panga mbele ya mwanao," alisema Mtweve. "Ukisema ulikuwa mzaha, watauliza aliyeogopa ni nani. Wataifungua taarifa, na mtoto ataitwa. Mimi sitaki hilo. Wewe unalitaka?"

Nyamizi hakulitaka.

Siku ya baraza, mjane wa Kondo, Bi Chiku, alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, amejitanda kanga nyeusi, na pembeni yake hakuna mtu. Nyamizi alimwamkia. Bi Chiku aliitikia, akamshika mkono. Alikuwa amemjua tangu akibebwa mgongoni.

"Sikuja kudai kitu, mwanangu," alisema. "Yamepita, mume wangu hafufuki. Lakini kwenye makaratasi yao wamemwita mvamizi. Wajukuu wake wanaulizwa huko shuleni kama babu yao alikuwa jambazi. Wewe ulikuwepo. Waambie tu alikuja kufanya nini. Neno hilo lifutwe, niende nikalale."

"Nitajaribu, mama."

"Sasa hapo kuna kujaribu nini?" aliuliza Bi Chiku, naye aliuliza kweli, bila kebehi.

Ndani, mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, Bi Haule, mwanamke mwembamba aliyesoma kila ukurasa kwa kidole. Alisema yeye hana shaka na maswali matatu ya kwanza. La nne ndilo linalomkosesha raha. Sheria tangu zamani inamruhusu mtu kuua ikiwa ameogopa kwa haki, akiamini kwamba asipoua atauawa yeye au wanawe, hata kama baadaye itaonekana alikosea. "Lakini kulikuwa na wanawake wengi jikoni, na mashahidi wanasema walikuwa wakicheka," alisema. "Kwa hiyo nauliza. Ulipomwona mtu yule amesimama juu ya mwanao na panga mkononi, wewe uliogopa?"

Nyamizi alimwona Mtweve akitazama kucha zake. Alimwona Bi Chiku amenyoosha shingo kidogo, kama mtu anayesubiri kusikia jina lake likiitwa zahanati. Angejibu hapana, swali linalofuata lingekuwa: basi aliogopa nani?

"Niliogopa," alisema.

"Ingawa ulimfahamu?"

"Alikuwa amefiwa na rafiki yake. Mtu aliyefiwa huwezi kujua atafanya nini." Maneno yalitoka yenyewe, laini kabisa. "Niliogopa kwamba atamuua mwanangu."

Jaji aliandika. Bi Chiku aliirudisha shingo yake mahali pake, akajifunika vizuri, akatoka nje kabla kikao hakijafungwa. Jioni hiyo taarifa zilitangaza kwamba baraza limeridhika. Hofu ya mama, walisema, ni hofu ya haki kuliko zote.

Milindakaya ikaanza kufungwa Mwanza, Mbeya, Tanga, mpaka vijijini kwenye nyumba zenye umeme wa jua. Ndege-nyuki, zile ndogo zisizo na rubani, ziliishusha kwa mamia. Nyamizi alipandishwa cheo. Alikuwa anakula, analala, anakwenda kazini, na kila alipomtazama mwanawe alijiambia kwamba amelipa alichotakiwa kulipa.

Basi siku moja Masele alirudi kutoka kwa mtaalamu, akavua viatu, akakaa mezani mbele ya mama yake aliyekuwa anachambua mchele.

"Mama, yule mama amesema leo nimehitimu. Amesema nimejifunza kuikubali hofu yangu."

Nyamizi aliacha mchele. "Hofu gani?"

"Ile ya siku ya Babu Kondo. Mwanzoni nilimwambia sikuogopa, akasema watoto wengi huwa hawakumbuki, ila mwili unakumbuka. Akanionyesha mchoro wa moyo wangu." Alikuwa anaongea kwa uangalifu, kama mtu anayesoma shairi la darasani. "Kwa hiyo sasa nakubali niliogopa."

Kumbe kampuni ilikuwa na ule mchoro siku zote. Nyamizi alisukuma sinia la mchele kando. "Masele. Siku ile. Ulipiga kelele."

"Si alisema ananikata masikio? Akija huwa anasema hivyohivyo, mimi naziba masikio hivi halafu nakimbia, akinishika ndiyo nimeshindwa." Aliweka viganja masikioni kuonyesha. "Nilikuwa nimekaa peke yangu, kila mtu analia tu, hakuna anayecheza na mimi. Nikamwona kwenye koti la babu, nikafurahi sana. Moyo ukawa unanienda mbio. Nilikuwa nataka kuruka kitanda nipite chini ya mkono wake." Alishusha viganja. "Halafu akaanguka. Nikadhani anaigiza."

Nyamizi alimvuta karibu, akamshika mabega.

"Sasa mama, ile ilikuwa hofu? Yule mama anasema ndiyo. Mimi nilidhani ni furaha. Unazijuaje?"

Kati ya watu wote duniani, Nyamizi ndiye aliyekuwa wa kuulizwa swali hilo. Alikuwa ametengeneza chombo cha kulijibu, amelitetea kwa wakubwa, amelichapisha kwenye matangazo. Hakuwahi kulipima kwa mtoto anayecheza. Alikuwa amepima watu wazima maabara, wanatishwa, wanatulizwa, na moyo ukipanda akaandika hofu.

"Ilikuwa furaha," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema tusiongee nyumbani."

Alimpigia Mtweve palepale. Alimweleza yote bila kupumzika, kwamba swali la nne ni bovu, kwamba kila nyumba yenye mtoto na babu mcheshi sasa ina bunduki ukutani isiyojua mchezo ni nini. Mtweve alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamkumbusha, bila kupandisha sauti, kwamba mbele ya baraza hofu iliyothibitishwa ilikuwa ya mama, si ya mtoto, na aliyeapa ni yeye. "Ukirudi kusema hukuogopa, mhandisi, watakuuliza siku ile ulisema uongo au leo. Na mimi nitawauliza hivyohivyo."

Alimchukua Masele, wakaenda kwa Bi Chiku. Walimkuta barazani kwake anakuna nazi. "Shikamoo, mama," alisema Nyamizi.

"Marahaba, mhandisi."

Neno hilo lilimkata. Alipiga magoti chini, akasema kila kitu, la dirisha na la taa ya njano na la uongo. Masele alisimama nyuma yake. Bi Chiku aliendelea kukuna mpaka kifuu kikawa kitupu, akakiweka chini.

"Njoo, babu," alimwambia mtoto, akampa kipande cha nazi. Alimpapasa masikio, moja baada ya jingine, kama anayehakikisha yapo. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mimi unaniambia nini? Mume wangu nilikuwa namjua. Sikuja kwenye baraza lao kuambiwa alikuwa nani, nilikuja ili waambiwe wao."

"Nilikuwa namlinda mwanangu, mama."

"Najua. Ulilinda nyumba yako." Alichukua kifuu kingine. "Na mimi nyumba yangu ilikuwa na mtu mmoja."

Nyamizi alisubiri aendelee, amtukane, amfukuze. Angeshukuru kutukanwa, kwani kwa mtani tusi ni msamaha. Bi Chiku hakumtukana. Aliongea naye kwa adabu zote, kama mtu na mgeni asiyemjua, akamwambia jua linazama na mtoto ana shule kesho, waende salama.